Pua ya Kuchagulia Bledi

Mimi bledi ya msumeno naichagua kwa pua. Wengine wanasoma maandishi, wengine wanatazama rangi, na wapo wanaochukua ile yenye picha ya simba kwa sababu simba ni mkali. Mimi naiinua mpaka usoni, navuta pumzi, na ikinuka tina ya rangi nairudisha mezani. Bledi mpya hunuka mafuta ya mashine, basi. Inayonuka tina imepakwa rangi juzijuzi ili kufunika kitu, na kitu chenyewe mara nyingi ni kutu.

Hilo ndilo lililonigombanisha na Bwana Ahmad mbele ya wateja wake. Ahmad ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Nyasubi, ananunua na dhahabu kwa wachimbaji wanaoingia Kahama na vipakiti vyao, na juu ya hayo ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu. Nilikwenda dukani kwake kutafuta bledi ya mashine ya kukatia kona, yenye meno themanini. Akaniletea moja inayong'aa njano.

"Mzigo mpya huu, Mama Zuhura. Umeshuka wiki hii."

Nikaitundika kidoleni kwa lile tundu la katikati, nikaigonga kwa ukucha. Bledi nzima hulia, na sauti inakaa. Hii ilisema "ka", ikanyamaza. Nikainusa. Tina tupu, mpaka machozi. Nikakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba, katikati ya meno mawili, ikabanduka kipande chenye umbo la mwezi mchanga, na chini yake kutu nyekundu. Jino la pembeni lilishatoka zamani. Mtu ameziba kwa shaba, akapiga tupa lifanane na wenzake.

"Bwana Ahmad," nikasema, na sauti yangu Mungu hakuipunguza, "maiti hii umeipaka poda."

Wateja walicheka. Yeye alicheka kwa meno tu. Nikatoka nje nikatema mate, maana ile tina ilishashuka mpaka kooni. Bledi inazunguka mbele ya tumbo la mtu, na jino la kubandika likiruka halichagui jicho la nani. Mtu anayelijua hilo na bado anapaka rangi ananitia kinyaa kuliko choo cha stendi.

Bledi niliitaka kwa ajili ya mimbari. Baba yangu, fundi Adam, aliahidi kuutengenezea msikiti mimbari ya mninga. Akazipandisha mbao juu ya kenchi za paa la karakana zikauke taratibu, akafariki zikiwa bado huko juu. Kamati ikataka kuagiza ya kiwandani kutoka Dar es Salaam. Sheikh Hatibu, imamu wetu, ndiye aliyesema kwamba ahadi ya marehemu ina mrithi na mrithi ana mikono. Bwana Ahmad alikubali kwa shingo upande, ila aliweka sharti mbele ya watu: kona ikiachia hata upana wa unywele, mimbari inatolewa, na mimi nisipeleke tena msikitini hata rafu ya viatu. Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Mume wangu yuko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, anarudi akikumbuka. Karakana ile na jina la baba ndivyo vitu nilivyobaki navyo mjini hapa.

Na kona ndiyo yenye kazi. Mimbari ni fremu juu ya fremu: ubavu, ngazi, mgongo, kila mahali kipande kinakutana na mwenzake kwa mshazari, na pale vinapokutana ndipo fundi anapojulikana. Mafundi wengi wa hapa wanaweka bledi ya meno machache, ile ya kukatia mbao za paa. Inatafuna mninga na kuacha manyoya. Halafu wanachanganya vumbi la mbao na gundi, wanasokomeza kwenye ufa, juu wanapaka kiwi ya viatu. Mwaka wa pili ukipitisha mkono, bandiko linadondoka kama usaha uliokauka. Nilishamwambia mmoja wao kwamba hiyo siyo kona, ni kidonda, na hatujasalimiana tangu siku hiyo.

Bledi yangu niliipata kwenye kiduka kimoja karibu na stendi, kwa mzee asiyependa maneno. Niliitundika, ikalia vizuri. Niliinusa, mafuta ya mashine. Ilikuwa nyembamba, meno madogo yamepishana, moja limenolewa kuelekea kulia na jingine kushoto, na yote yamesimama wima. Hilo la kusimama watu hawalitazami kabisa. Meno yaliyoinamia mbele yana pupa, yanavuta mbao na mkono pamoja. Kwa mashine ya kona nataka meno yaliyotulia, yanayosubiri kuletewa.

Niliyasema hayo yote kwa Maige, kwa sababu nikipata bledi nzuri siwezi kunyamaza. Maige, yaani Baba Loveness, ni Msukuma wa Kagongwa, tunachangia karakana na mashine. Kazi yake milango ya haraka na vitanda vya gesti, na bledi yake ina meno ishirini na manne tu. Kila mtu anafunga yake akitaka kukata, akimaliza anaifungua. Ni mtu mwema, mzito wa kusema, hodari wa kusikiliza.

"Sikiliza, Baba Loveness," nilimwambia. "Kitu kinachopasuka upesi usikipe meno machache. Ukitaka kikatike bila kutoa vibanzi, kipe meno mengi yaliyosimama. Na usikisukume, kilete polepole."

"Wabeja," akasema, maana akishukuru hushukuru Kisukuma. Akaitazama bledi kwa muda mrefu. Nami nikafurahi kwamba nimepata mtu anayeelewa.

Jumapili nikapumzika nyumbani. Jumatatu asubuhi nikaikuta bledi yangu imeshafungwa kwenye mashine, inang'aa, inanuka mafuta ya taa. Kila jino limesuguliwa.

"Nimekusafishia," Maige akasema bila kunitazama.

Ilinipasa nijiulize kwa nini mtu asafishe bledi ambayo haijakata kitu. Sikujiuliza. Niliona ni heshima kwa mimbari, nikamwombea dua moyoni, mjinga mimi. Siku nzima nikakata mninga wa baba. Zile mbao zilikuwa zimekauka vizuri kabisa, na bledi ilipita ndani yake ikaacha uso laini, hauhitaji msasa. Nilipokutanisha vipande, karatasi haikuingia. Nikapaka gundi, nikabana, Jumanne nikaendelea kuunga, na jioni mimbari ilisimama karakanani kwa miguu yake. Nilikaa chini nikaitazama. Nilitamani baba angekuwepo aone.

Jumatano nilipofungua mlango wa karakana, harufu ilinipokea kizingitini.

Nilidhani ni panya aliyekufa. Nikatafuta chini ya meza, nyuma ya mbao, kwenye maboksi. Mainzi ndiyo yaliyonionyesha. Yalikuwa yamejaa kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia nyuma ya mashine kudaka vumbi, makubwa, ya kijani, yanatembeana migongoni. Nikaufungua zipu.

Sitasema vyote. Vumbi la mninga, ambalo ni kavu na linanukia, lilikuwa limeshikamana mabonge kwa mafuta, na ndani ya mabonge kulikuwa na vipande vya kijivu vinavyoteleza, na funza wanene wamefurahi. Kipande kimoja kilidondoka juu ya kiatu changu. Kilikuwa cha ngozi, ngozi nene yenye vinyweleo vyeupe, vigumu kama vya brashi ya kufulia. Ng'ombe hana ngozi ile. Mbuzi hana.

"Baba Loveness!"

Akaja mbio akitokea nje, akaona mfuko, akasimama.

"Hii nini?"

"Nyama," akasema.

"Naona ni nyama. Ya mnyama gani?"

Akavua kofia yake. "Mama Zuhura, nisamehe. Ni kitimoto."

Nilitapika palepale, juu ya vumbi la mbao, nimeshika ukingo wa meza. Maige akaniletea maji, nikamwambia akae mbali na mimi, yeye na kopo lake.

Kisha akaeleza, polepole, kwa ule uzito wake. Jumapili Loveness, binti yake, alikuwa anapata kipaimara. Nyama waliinunua mapema wakaiweka kwenye friza ya jirani, ikaganda ikawa jiwe. Krismasi iliyopita walipasua kwa shoka, mifupa ikatoa vibanzi, kibanzi kimoja kikamwingia mama mkwe wake kwenye fizi mbele ya wageni. Euphrasia, mkewe, akaapa kwamba shoka halitagusa tena nyama ya nyumba yake. Basi Maige alfajiri akabeba gunia mpaka karakanani.

"Nikakumbuka ulivyonifundisha," akasema. "Yangu ina meno machache, ingepasua mfupa. Yako ina meno mengi, yamesimama. Sikusukuma. Nilileta polepole. Na kweli, Mama Zuhura, ilikata safi, bila hata kibanzi kimoja."

Alikuwa amechagua sawasawa. Hilo ndilo lililonichefua kuliko funza: katika miaka yote ya kufundisha watu bledi, wa kwanza kunielewa alikuwa huyu, na somo amelipeleka kwenye paja la nguruwe.

"Na hukuniambia."

"Nilijua kwenu ni haramu. Nikasugua kwa mafuta ya taa, jino kwa jino. Nikaona imetakata. Mfuko niliusahau, mimi huwa siutumii. Halafu Jumatatu nilikuona umefurahi, nikashindwa."

"Umeshindwa! Unajua nimekata nini na bledi hiyo?"

Akageuka akaitazama mimbari. Yule bwana mkubwa, mwenye mabega ya kubeba magogo, akakaa chini kwenye sakafu na kofia yake mkononi.

Bado nilikuwa na tumaini dogo. Huenda mafuta ya taa yalimaliza kila kitu. Nikaokota vipande vya mninga vilivyobaki vya Jumatatu, nikabandika karatasi nyeupe kwenye ncha zilizokatwa, nikazipigisha jua. Karatasi ikatoa doa linalong'aa, unaona mwanga upande wa pili. Nikabandika ya pili na ya tatu. Zote zikatoa doa. Mafuta ya mnyama yule yalikuwa ndani ya kona za mimbari, kila kona, katikati ya mbao na gundi.

Nilikwenda msikitini nikiwa na zile karatasi. Nilimkuta Sheikh Hatibu barazani, na kwa bahati yangu mbaya Bwana Ahmad alikuwa ameketi naye wanapanga mambo ya Ijumaa. Nikasalimu, nikasema yote. Jina la Maige sikulitaja; nilisema tu kwamba mashine tunachangia. Lakini mji huu mdogo kwa mambo kama hayo, na Ahmad anajua nachangia na nani.

Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. Hakukunja uso. Mimi nilishaukunja kwa niaba yetu sote.

"Mti wenyewe hauna kosa, binti yangu," akasema. "Palipoguswa na mafuta ya nguruwe panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo safi. Ama unaondoa sehemu iliyoguswa. Basi, inakuwa safi kama mwanzo."

"Sehemu iliyoguswa iko ndani ya kona, sheikh. Siwezi kupunguza, fremu zimeshika ubao wa katikati kwa kipimo. Nikipunguza ubao haukai. Na mninga wa baba umekwisha."

"Basi utafungua, uoshe."

Nikajua maana yake. Ncha ya mbao inakunywa maji kuliko mahali pengine popote. Ukiiosha mara saba inavimba, ikikauka hairudi ilivyokuwa, na udongo wetu ukishaingia kwenye nyuzi za mti hautoki. Zile kona ambazo karatasi haikuingia zingebaki na ufa, na ndani ya ufa mstari wa matope. Nilimtazama Bwana Ahmad, mwenye sharti lake la unywele. Alikuwa anachezea funguo za gari.

Nilipotoka akanifuata mpaka getini.

"Mama Zuhura, mbona unajitafutia balaa?" akasema kwa sauti ya chini, tamu. "Ijumaa tuna wageni mpaka kutoka Shinyanga. Rudi, piga vanishi mikono mitatu, funga kazi. Mafuta yako ndani ya gundi, gundi ndani ya mbao, nani atayaona? Kopo la vanishi chukua dukani, bure. Sheikh nitaongea naye mimi, nitamwambia umeosha."

"Na wewe utaswali pale?"

"Mimi najua nini? Mimi sijaona kitu."

Alitabasamu. Nilimwangalia yale meno, meupe, yamepangika, na nikasikia ile harufu ya tina tena kooni, ingawa pale hapakuwa na rangi wala kopo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshika mfuko wa funza kwa mkono, na naapa wale funza hawakunichefua namna ile. Funza anakula nyama iliyooza kwa sababu ndiyo kazi yake. Nikatema mate, karibu na viatu vyake, sikujali yameangukia wapi.

"Vanishi yako kapake bledi zako," nikamwambia.

Nikarudi karakanani nikaanza kuvunja. Nilichemsha maji, nikaloweka matambara, nikayakandika kwenye kila kona mpaka gundi ikalegea, nikavuta. Kona ilipoachia ilitoa mlio mdogo, na kila mlio ulinichoma moyo. Maige alikuwa ameshaosha mashine. Ule mfuko aliutoa mwenyewe, akauzika nyuma ya choo kwa mikono mitupu, akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikuja akasimama mlangoni.

"Nikusaidie nini?"

Nilitaka kumwambia asaidie kwa kuhama mji. Lakini maji ni mazito na bomba liko mbali.

"Lete maji," nikasema. "Na udongo. Udongo safi, usichote penye kinyesi cha ng'ombe."

Kahama kupata udongo usiopitiwa na ng'ombe siyo kazi rahisi. Alikwenda mbali, akarudi na ndoo ya udongo mwekundu, ameuchekecha kwa chekeche la Euphrasia. Nikachukua kila kipande, nikapaka udongo uliokorogwa na maji kwenye ncha, nikasugua, nikasuuza. Maige alimimina, mimi nikaosha, na alihesabu kwa sauti asikosee, akiwa makini kuliko mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba sikumtazama usoni. Hata hivyo sikuweza kusema hakufanya.

Bledi sheikh alisema iko hivyohivyo, ni chuma, ioshwe itumike. Niliiosha, mara saba, kwa udongo. Kisheria ilikuwa safi. Kisha nikainusa, na pua yangu ikakataa. Kila nilipovuta pumzi nilisikia nyama ya kuchoma, iwepo isiwepo. Nikaibeba bledi bora kuliko zote nilizowahi kumiliki, nikaitumbukiza kwenye shimo la choo, nikasikia ilivyogonga chini.

Alhamisi vipande vilikuwa vimekauka na nikaviunga upya. Nilibana kwa nguvu zangu zote. Kona zilikutana, lakini hazikukumbatiana. Kila moja ilibaki na mstari, mwembamba, mweusi mwekundu, unaonekana kutoka mlangoni. Chini ya meza palikuwa na kopo la gundi na lundo la vumbi la mninga. Mkono wangu ulikwenda pale, sitakataa. Nililishika vumbi kiganjani, nikakumbuka vile vidonda vya mafundi wenzangu, nikalikung'uta. Mistari niliiacha wazi.

Ijumaa nilikaa upande wa wanawake, nikachungulia kupitia wavu. Sheikh Hatibu alipanda mimbari ya baba, ngazi kwa ngazi, mbao hazikulia hata kidogo. Lakini nani anasikiliza mbao zisizolia? Macho yote yalikuwa kwenye mistari. Mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Mbona kona zina weusi?" Nikamjibu ni udongo, akanitazama akidhani namfanyia mzaha.

Baada ya swala wanaume walisimama nje na wageni wa Shinyanga. Bwana Ahmad aliinua sauti, akitaka itufikie sisi tuliokuwa tunavaa viatu.

"Mti mzuri, hakuna ubishi. Ila kona zimemshinda. Ndiyo shida ya kumpa mwanamke kazi kwa kuoneana haya. Tulisema unywele, ona sasa, kidole kinaingia. Tutaagiza Dar."

Alijua. Kati ya watu wote waliosimama pale, yeye na sheikh ndio waliojua mistari ile ni ya nini. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi, na ingemgeuza rangi. Lakini sentensi ile ingepitia nyumbani kwa Maige kwanza. Vijana wangekwenda kumtafuta, na Loveness angekumbuka kipaimara chake kwa hilo mpaka uzeeni. Nikafunga mdomo. Nilihisi nimeng'ata kitu kilichooza na sina pa kukitemea.

"Agizeni," Sheikh Hatibu akasema taratibu. "Mpaka ifike, mimi nitapanda hii. Na ikifika, nitaendelea kupanda hii."

Bwana Ahmad akacheka kwa meno, akaenda kuwafungulia wageni milango ya gari.

Nilirudi karakanani kuvua nguo za swala nishike kazi. Maige alikuwa ananisubiri, amesimama wima, amevaa shati la kanisani siku ya Ijumaa. Mikononi ana kifurushi cha gazeti.

"Mama Zuhura, ile bledi yako nilijua umeitupa. Nimekuletea nyingine." Alisema kwa haraka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Meno themanini, nimeyahesabu. Yamesimama. Yamepishana, moja kulia moja kushoto. Nimeuza yule mbuzi jike wa Euphrasia, ameridhia mwenyewe. Bwana Ahmad alinichagulia kwa mkono wake. Nilimwambia ni yako, akasema basi hiyohiyo ndiyo inakufaa."

Nikafungua gazeti. Ilikuwa njano, inang'aa. Sikuhitaji kuitundika wala kuigonga. Katikati ya meno mawili palikuwa na kialama chenye umbo la mwezi mchanga, kimepitiwa rangi mara ya pili lakini ukucha wangu naujua. Tina ikanipanda puani, mate yakanijaa mdomoni.

"Uliinusa?" nikamwuliza.

Maige akainamisha kichwa.

"Niliinusa kama unavyofanya. Sikusikia kitu. Tangu nilipozika ule mfuko, kila ninachonusa ni ule mfuko. Hata ugali." Akaninyanyulia macho. "Kwani ni mbaya?"

Alikuwa ananitazama na shati lake la kanisani, amefunga vifungo mpaka shingoni. Sijawahi kumsifia mtu bledi mbaya maishani mwangu. Nikameza mate yote, yalikuwa machungu.

"Ni nzuri," nikasema. "Wabeja, Baba Loveness."

Akatabasamu mpaka masikioni, akaenda zake kubadili shati. Nikaifunga tena kwenye gazeti, nikaiweka karibu na mkoba wangu. Kesho inarudi ilikotoka, duka likiwa limejaa wateja, na mate mengine nimemwekea Bwana Ahmad.